Dada wa kazi akishindwa katika majaribio, aondoke vipi?

Katika nyumba nyingi za mijini, dada wa kazi huachishwa kwa njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ya ugomvi. Sahani imevunjika, uji wa mtoto umeungua, mama amerudi kutoka kazini kichwa kikimuuma, sauti zinapanda, na kabla ya saa tatu usiku begi liko mlangoni. Ya pili ni ya kimyakimya. Dada mpya anashushwa na bodaboda Jumamosi asubuhi, na yule aliyepo anajua kuwa kazi yake imekwisha kwa kuona begi la mwenzake kwenye korido. Zote mbili hufanywa na watu ambao, wangetendewa hivyo ofisini kwao, wangefika kwa ofisa utumishi siku hiyohiyo.

Hakuna anayesema kila dada lazima abaki. Wapo wasioiweza kazi, na mzazi anayemwachia mtu mwingine mtoto mchanga kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa moja usiku ana haki ya kusema huyu hatufai. Kipindi cha majaribio kipo kwa ajili hiyo. Shida ni kwamba nyumba nyingi hutumia neno majaribio siku ya kumfukuza mtu tu. Siku ya kumpokea halikutajwa, na katikati hapo hakuna aliyejaribiwa kwa chochote kinachoeleweka.

Chukulia familia ya Kimara ambayo baba na mama wote wameajiriwa. Wana mtoto wa chekechea na mwingine wa miezi mitatu. Binti wa miaka 19 ametoka Mufindi, kaletwa na mama muuza mboga wa mtaani mwenye ndugu huko. Likizo ya uzazi ya mama, zile siku 84, imekwisha Ijumaa. Dada amefika Jumamosi jioni. Jumatatu alfajiri mama yuko kwenye mwendokasi.

Ina maana mafunzo yote yalifanyika Jumapili moja, tena Jumapili yenye ibada na wageni. Siku hiyo binti alionyeshwa kuwasha jiko la gesi na kufunga mtungi, kutumia brenda, kuingiza namba za luku, kuchemsha chupa za maziwa, kupima dawa ya kifua ya mtoto mkubwa, kulijua basi la shule na saa yake, na kufunga geti lenye komeo linalokwama. Kwao alipikia kuni. Mtoto mchanga aliyewahi kumlea alikuwa na mama yake shambani, hatua ishirini kutoka alipokuwa. Wiki ya tatu mama anamwambia shoga yake kwenye simu, dada akiwa jikoni anasikia kila kitu, “Huyu niliyepewa safari hii ni mzigo.”

Huenda ni kweli. Lakini kabla ya hukumu hiyo kuna kutofautisha mambo matatu ambayo kwa mtu aliyechoka yote huonekana uvivu. Kuna asiyejua, kuna asiyeweza na kuna asiyetaka. Asiyejua hufundishwa, na akifundishwa hubadilika ndani ya siku chache. Asiyeweza amefundishwa, anajitahidi, lakini kazi imemzidi: anasinzia mtoto akiwa mapajani, anachanganyikiwa watoto wawili wakilia kwa pamoja, anaogopa moto wa gesi hadi mikono inatetemeka. Huyu anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado asifae kuachiwa mtoto wa miezi mitatu. Asiyetaka huonekana kwa kurudia kosa lilelile ambalo juzi alilifanya sawasawa. Wa mwisho ndiye anayezungumzwa zaidi kwenye magrupu ya akina mama ya WhatsApp. Wanaorudishwa kwao, hata hivyo, wengi ni wa aina mbili za mwanzo.

Jambo jingine linalopotosha kipimo ni kazi yenyewe kuvimba. Binti aliitwa kulea mtoto. Mwezi wa pili anafua nguo za watu sita akiwamo shemeji aliyekuja kutafuta kazi, anapika chakula cha mchana cha watu watatu ambao hawakutajwa wakati wa kupatana mshahara, anafungasha barafu na maji ya biashara ya mama, na usiku mtoto analala chumbani kwake ili mama apumzike. Halafu anaulizwa kwa nini sare ya shule haikunyooshwa. Ukimpima mtu kwa kazi ambayo hukumwajiri aifanye, jibu utakalopata halikuambii chochote juu yake.

Na mabwana ni wengi. Mama anataka mtoto asibebwe mgongoni muda mrefu, bibi aliyekuja kusalimia anasema mtoto asiyebebwa ni mtoto aliyetelekezwa, baba anataka chakula saa moja kamili na hasemi kingine. Dada anamtii aliye karibu yake kwa wakati huo. Jioni anagombezwa na asiyekuwapo.

Ofisini mambo haya yana utaratibu, na wengi hawajui kuwa sheria ya kazi ya Tanzania haiishii getini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu mfanyakazi wa nyumbani kama inavyomhusu karani. Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa mwaka 2007 zinasema kipindi cha majaribio kiwe cha muda unaoeleweka, kisizidi miezi 12, na kwamba mwajiri anapaswa kumfuatilia mfanyakazi, kukaa naye mara kwa mara kuzungumzia kazi yake na kumwelekeza. Akiona hafai, amweleze kinachomtia wasiwasi, ampe nafasi ya kujibu, ampe muda wa kutosha wa kujirekebisha. Hapo ndipo uamuzi wa kumwachisha unapofuata, kama hakubadilika.

Kwa kazi ya nyumbani miezi 12 ni mingi mno. Mitatu inatosha, tena itajwe siku ya kwanza, mbele ya aliyemleta: tutakaa miezi mitatu tukiangaliana, mwisho wa kila mwezi tutazungumza, mshahara ni kiasi hiki, kazi ni hizi na hizi. Iandikwe. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya masharti ya kazi yake, na kama hayaelewi, aelezwe kwa namna atakayoielewa. Karatasi moja ya daftari yenye sahihi mbili inatosha kuanzia. Mgogoro ukifika mbele ya chombo cha sheria na mwajiri akawa hana maandishi yoyote, mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana unakuwa wake.

Kikao cha mwisho wa mwezi hakihitaji meza. Kinahitaji saa tulivu, labda Jumapili alasiri watoto wamelala, runinga imezimwa, na baba naye amekaa hapo. Kisifanyike akiwa amesimama mlangoni ameshika ufagio. Neno kama “mchafu” au “mzembe” halimfundishi mtu kitu. Maneno yanayofundisha ni ya namna hii: Jumanne na Alhamisi chupa za mtoto hazikuchemshwa, nilizikuta na harufu, basi la shule lilipiga honi mara mbili hukutoka, juzi mtoto aliachwa peke yake kitandani wakati unaongea getini. Mambo matatu yanatosha, yasiwe kumi na tano. Kisha anaulizwa yeye anaonaje, na hapo mzazi anapaswa kunyamaza kwa muda mrefu kuliko anavyopenda. Mara nyingi ndipo inapojulikana kuwa halali usiku kwa sababu ya mtoto, au kwamba hajui kusoma saa ya ukutani na aliona aibu kusema, au kwamba kijana wa chumba cha pili anamgongea mlango usiku. La mwisho likitajwa, suala la chupa linasubiri. Kwanza ashughulikiwe huyo kijana.

Baada ya hapo apewe wiki mbili, tatu. Kama jambo ni la kufundishwa, mtu amfundishe kwa kufanya naye, hata kama ni Jumamosi moja nzima. Wiki hizo zikiisha na chupa bado zinanuka, mzazi ana jibu lake, na dada naye anakuwa ameliona likija.

Yako makosa yasiyosubiri kikao. Dada anayempiga mtoto mchanga, anayempa dawa ya usingizi ili atulie, au anayefunga mlango na kwenda matembezini akimwacha ndani na jiko linawaka, hapaswi kuachiwa mtoto hata kesho yake. Ila hata hapo aulizwe kwanza, maana alama kwenye mkono wa mtoto ina sababu nyingi, na mtoto wa miaka minne husema alichoona pamoja na alichoota.

Kinachoumiza zaidi ni tabia ya kutafuta kosa kubwa ili kufunika dogo. Familia imegundua binti haiwezi kazi, lakini kusema hivyo kunamaanisha kumlipa na kumpa nauli. Ghafla elfu ishirini imepotea kabatini. Khanga mpya haionekani. Begi linamwagwa sebuleni, majirani wanachungulia, binti analia, hakuna kilichopatikana, lakini “uaminifu umekwisha” na anaondoka bila senti. Mzazi anayefanya hivi amemwibia mtu mshahara wake, kisha akamwita yeye mwizi. Jina hilo linafika kijijini kabla ya basi. Binti wa miaka 19 aliyerudi nyumbani kwa sababu hakuweza kulea kichanga anaweza kupata kazi nyingine mwezi ujao. Aliyerudishwa kwa wizi, watu wa kwao wenyewe hawatamtaja tena mtu wa mjini akiulizia dada.

Kama kuna kitu kimepotea kweli na ushahidi upo, kuna polisi na serikali ya mtaa. Kama hakuna ushahidi, basi hakuna mwizi.

Sasa fedha. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri mmoja hawezi kudai kuwa ameachishwa isivyo haki. Hilo waajiri wengi wamelisikia, na hapo ndipo wanapoacha kusikiliza. Taarifa ya kuachishwa bado ni haki yake. Ndani ya mwezi wa kwanza ni siku zisizopungua 7. Baada ya mwezi wa kwanza, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni siku 28, kwa maandishi yenye sababu na tarehe. Mzazi asiyetaka dada aendelee kukaa na mtoto siku zote hizo anaweza kumlipa mshahara wa siku hizo na kumruhusu aondoke, na kwa nyumba yenye mtoto mchanga hii mara nyingi ndiyo njia yenye busara. Mtu aliyekwishaambiwa kuwa hatakiwi hapaswi kubebeshwa mtoto mwezi mzima, kwa faida ya wote wawili.

Kwa hiyo binti wa mshahara wa shilingi 100,000 anayeachishwa baada ya miezi miwili na siku kumi haondoki na “elfu ishirini ya soda.” Anaondoka na mshahara wa zile siku kumi, malipo ya siku 28 za taarifa kama hatazifanyia kazi, na nauli yake pamoja na mizigo yake hadi alikotolewa. Nauli nayo si hisani. Sheria inamtaka mwajiri amrudishe mfanyakazi mahali alipoajiriwa kama alimtoa mbali, au alipe gharama hizo, na amgharamie mahitaji ya kila siku kwa siku anazosubiri usafiri. Aliyetumiwa nauli ya kuja hakutumiwa mkopo, na haikatwi kwenye mshahara.

Sahani na glasi pia. Kukata mshahara kwa ajili ya kilichovunjika kuna masharti: liwe kosa lake kweli na limetokea kazini, aelezwe kwa maandishi thamani yake na jinsi ilivyohesabiwa, apewe nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Brenda iliyotumika miaka sita haina bei ya dukani. Kwa nyumba ya kawaida, ushauri mwepesi ni kusahau vyombo.

Kuna akina mama wanaomtunzia dada mshahara, “akiondoka nitampa wote.” Nia inaweza kuwa njema. Siku ya kuachana ndipo hesabu zinapogongana, mmoja anakumbuka elfu tano za mafuta ya nywele na mwingine hazikumbuki. Fedha ya mtu apewe mwenyewe kila mwezi, kwenye simu yake, ujumbe ubaki. Kama ilikwishatunzwa, itolewe yote kabla hajafunga begi, na itumwe kwa simu ili asipande basi akiwa na fungu la noti kifuani. Simu na kitambulisho chake, kama vilichukuliwa, virudishwe. Tena havikupaswa kuchukuliwa.

Yapo mawili ambayo hayaingii kwenye majaribio kabisa. Mimba si kushindwa kazi; sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito tangu siku ya kwanza, bila kujali mtu ana wiki ngapi kazini. Na kama katika mazungumzo inagundulika kuwa “wa miaka 17” ni mtoto wa miaka 13, hapo aliyekosea ni aliyemwajiri. Chini ya miaka 14 hakuna ajira. Mtoto huyo anarudishwa kwao kwa kumshirikisha ofisa ustawi wa jamii, na namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto ipo kwa anayehitaji kuelekezwa pa kuanzia.

Neno la kuachana lisemwe na aliyemwajiri, asubuhi au mchana, siyo usiku, na lisemwe kabla dada mwingine hajatafutwa kwa sauti ya juu. Sababu isemwe jinsi ilivyo. “Tumeona kulea mtoto mdogo hivi kumekuwa kugumu kwako, tulizungumza mara mbili, hatutaendelea” ni sentensi inayouma lakini haimvunji mtu. Uongo wa huruma, kama “tunahamia Dodoma,” hugundulika wiki ileile, maana mama muuza mboga yuko palepale mtaani na anaona nguo za nani zimeanikwa. Yeye aliyemleta aambiwe siku hiyohiyo, na wazazi wa binti wapigiwe simu na mwajiri mwenyewe. Wasisikie kwa binti anayelia.

Kisha alale. Mabasi ya kuelekea Iringa huondoka alfajiri kutoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, na binti anayeijua Dar es Salaam kwa dirisha la jikoni hawezi kuambiwa “tafuta usafiri” saa mbili usiku. Wanaoshinda kwenye vituo vya mabasi wakitazama wasichana wenye begi moja na macho mekundu wanajua wanachotafuta: wanawaahidi kazi nyingine, na kazi yenyewe siyo ya kulea. Mtu wa nyumbani amkatie tiketi, amfikishe kwenye kiti, asubiri hadi basi litoke. Saa moja ya usingizi wa baba itapotea, na haitaua mtu.

Apewe pia karatasi. Sheria inakitaja cheti cha utumishi kwa kila anayeachishwa, na dada wa miezi miwili hakuachwa nje. Kiseme alifanya kazi gani na kuanzia lini hadi lini. Mwajiri mwingine akipiga simu kuulizia, asiambiwe uongo wowote, wa sifa wala wa chuki. Binti aliyeshindwa kulea kichanga huenda anapika vizuri na ni msafi, na nyumba ya wazee wawili wasio na watoto wadogo inamhitaji mtu kama huyo.

Watoto ndio husahaulika. Kichanga hatauliza, ingawa siku mbili tatu atakataa chupa kutoka mkono mgeni. Wa chekechea atauliza. Kwake dada ndiye aliyemvisha viatu kila asubuhi na kumngoja getini kila mchana, na wengine huamka siku moja wakakuta kitanda cha dada hakina shuka. Aambiwe jana yake, kwa maneno mafupi: kesho dada anarudi kwao, kwa baba na mama yake. Wasindikizane hadi kwenye pikipiki. Akilia aachwe alie, na akitaka kumpa dada mchoro wake wa shule au biskuti mbili, ampe. Asiambiwe dada alikuwa mbaya. Mtoto akiambiwa hivyo huanza kuhesabu makosa yake mwenyewe, akijiuliza ni lini naye atatolewa na begi lake.

Jumatatu inayofuata bado ipo, na ndiyo inayofanya wazazi wengi wavumilie hadi walipuke. Kabla ya kusema neno lolote, baba na mama wakae na kalenda: nani ana siku za likizo zilizobaki, bibi anaweza kuja wiki ngapi, kituo cha kulelea watoto kilicho jirani kinapokea wa umri gani na kwa bei gani. Dada mpya akipatikana, afike Jumatano badala ya Jumamosi jioni, na mama awe nyumbani siku zote zinazobaki za wiki hiyo, akiwasha naye hilo jiko la gesi.